Vibao vya Wanangu Wawili

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Namshukuru Mola aliyenifikisha kwenye masika nyingine nikiwa na afya ya kadiri na moyo usiomwekea mtu kinyongo. Nimeazimia kuandika kidogo kidogo hadi mvua zitakapokatika, kwa kuwa mzee asiyeandika huishia kuwasimulia watu jambo lile lile kila siku, nami nimeona wanangu wameanza kutazama saa ninapofungua kinywa.

Mvua ya kwanza imetushika alfajiri. Nimerudi msikitini kanzu imelowa hadi magotini, na binti yangu akanipokea mlangoni kwa taulo na karipio. Naishi katika chumba cha nyuma cha karakana yake. Kazi yake ni kuunda vibao vidogo vya umeme vinavyopachikwa juu ya kompyuta ndogo. Kompyuta zenyewe si zile za mezani zenye skrini kubwa. Ni kipande kimoja kilicho wazi, upana wake kama kitabu cha dua, na ukingoni mwake zimesimama safu mbili za pini. Peke yake kinafikiri tu. Ukikipachikia kibao cha nyongeza juu ya pini hizo, ndipo kinapopata mkono wa kupima joto, au kupiga kengele, au kuwasha pampu. Mtaani binti yangu anaitwa Kipimo, kwa sababu hakati hata kipande cha waya bila kukipima mara mbili.

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wetu, iko karakana ya mdogo wake, kitinda mimba wangu, ambaye mtaa umemwita Mbio. Naye huunda vibao vya namna hiyo hiyo. Walishirikiana meza moja hadi mwaka juzi, siku Kipimo aliposema mbele ya wateja kwamba solda ya mdogo wake, ile risasi inayoyeyushwa kuungia nyaya, inafanana na ubani uliokwisha kutafunwa. Mbio alifunga kichomeo chake cha solda katika kitambaa, akavuka barabara, na tangu hapo hawasemeshani. Neno lolote la kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hupitia kwangu. Mimi, niliyefundisha watu kusoma Kurani kwa makhraji, kila herufi ikitamkwa mahali pake, zaidi ya nusu ya umri wangu, nimekuwa tarishi wa kuvusha maneno.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mvua. Kipimo amenishoneshea kanzu fupi kwa fundi cherehani jirani yetu, akisema nitakoma kuufagia mtaa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Amekuja mgeni mzito. Ni muuguzi mkuu wa wodi ya watoto njiti, mwanamke mnene wa sauti kavu, ambaye kila mtu humwita Sista. Amebeba vitu vyake ndani ya beseni la plastiki lililofunikwa kwa khanga mbili ili mvua isivifikie, na hakukubali kuketi wala kunywa chochote hadi aliposema lililomleta.

Katika wodi yake, umeme ukikatika, hita huzimika, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupoa upesi kuliko chai. Mwaka jana alinunua kwa Kipimo kibao kinachopima joto la kila kitanda na kuliandika kwenye skrini. Lakini wauguzi ni wachache na hakuna wa kuikodolea skrini macho kutwa kucha. Kwa hiyo mwaka huu amenunua kwa Mbio kibao kingine, cha kupiga kengele na kuwasha hita ya betri. Kompyuta anayo moja tu, nayo hula betri umeme ukikatika. Anachotaka ni vibao vyote viwili vikae juu ya kompyuta hiyo moja, kimoja kikipima, kingine kikipiga kengele, kabla baridi ya katikati ya masika haijaingia. Amevipachika mwenyewe, na havielewani. Kila kimoja peke yake ni kizima kabisa. Vikikaa pamoja, skrini husema mtoto ni barafu, kisha husema mtoto anachemka, kisha kengele hulia bila sababu na watoto wote huamka.

Kipimo alivipachika mbele yetu, na ikawa kama Sista alivyosimulia. Akasema bila kuinua macho, "Baba, mwambie mwanao kibao chake kinapiga kelele kwenye nyaya."

Nikavuka barabara. Mbio alisikiliza, akacheka kwa pua, akasema, "Mwambie binti yako nyaya zilikuwa na amani kabla yeye hajazijia."

Nikarudi. Sista alitutazama tulivyokuwa tukivushana maneno kwenye mvua, akafungasha beseni lake, akaniachia vibao na kompyuta. Alipofika mlangoni alisema tu kwamba yeye hana shida na ugomvi wa watu, ana watoto ambao mkono wao mzima hauzunguki kidole chake. Nilimwona mkavu mno. Mola amsamehe, nami anisamehe kwa kumdhania.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Baada ya adhuhuri nilimwomba Kipimo anieleze kisa cha vibao kana kwamba ni mwanafunzi wa darsa la kwanza. Akavuta kiti, akaanza.

Katika zile pini nyingi, akasema, kila moja ina kazi iliyokubaliwa tangu zamani na waliounda kompyuta: hii ya umeme, hii ya kurudisha umeme, hizi mbili za maongezi. Vibao vyote hutumia nyaya hizo mbili za maongezi kwa pamoja. Waya mmoja hubeba maneno, wa pili hupiga mapigo ili msemaji na msikilizaji waende sawa. Kwa sababu wanaosikiliza ni wengi, kila kibao hupewa namba yake. Kompyuta huita namba, na mwenye namba hiyo hujibu. Wengine wote hunyamaza.

Nilifurahi moyoni. Nikamwambia kwamba hizo ni adabu za darsa: mwalimu huita jina, mmoja husoma, wengine hutega masikio. Akatabasamu, akasema ndivyo, ila wanafunzi wa darsa humwogopa mwalimu na vibao havimwogopi mtu.

Nikamuuliza, "Na kama wawili wana jina moja?"

Akakichukua kibao cha mdogo wake, ambacho hakuwa amekigusa tangu jana ila kwa ncha za vidole, akakipachika peke yake, akaandika jambo kwenye kompyuta. Skrini ikatoa namba moja: thelathini na saba. Akatoa kile, akapachika cha kwake. Thelathini na saba.

Uso wake ulibadilika, lakini si kwa furaha ya mtu aliyepata jibu.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Siku mbaya. Nimekatazwa na umri kukasirika, lakini leo nilikaribia.

Kipimo amenituma nikamwambie mdogo wake kwamba ameiba namba yake. Anasema namba ziko zaidi ya mia, na mtu hawezi kuangukia hiyo hiyo kwa bahati. Bila shaka aliondoka na mafaili ya programu zake siku ile, akaziiga, na kwa uvivu hakubadilisha hata namba. Nilikataa kuuchukua ujumbe huo. Akasema, basi atauandika kwenye karatasi na kumpa fundi cherehani. Nikaona afadhali mimi, kwa kuwa fundi cherehani akipewa neno huliongezea pindo.

Mbio alikuwa amelala kifudifudi chini ya meza akitafuta skrubu. Aliposikia neno kuiba alitoka polepole, vumbi kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wake sikuona mzaha wowote machoni pake.

"Mimi mwizi, Baba?"

Nikamwambia mimi sikusema hivyo, nimetumwa.

"Nilitoka pale na kichomeo kimoja, nacho alinipa Mama. Sikuchukua hata msumari. Mwambie, vibao vyangu viko kwenye mashine za kutotolea vifaranga mji mzima, vyote vina namba hiyo, na sitabadilisha hata kimoja. Kwanza aseme yeye aliitoa wapi."

Nikavuka. Kipimo naye akasema vyake viko katika maghala ya barafu na matangi ya maji, na yeye ndiye aliyetangulia, na hatabadilisha. Fundi cherehani, akiwa amekaa kibarazani na cherehani yake, aliniambia nilipopita kwa mara ya mwisho, "Maalim, wakikumalizia soli za viatu, njoo nikushonee mbawa." Sikucheka.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Mvua tangu jana bila kupumzika. Hakuna aliyenituma popote, na ukimya wao ni mbaya kuliko maneno.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kwa Mbio bila kutumwa. Nataka niandike kwa utulivu yaliyotokea, kwa kuwa ndiyo sababu ya mimi kuwa na shajara hii.

Nilimkuta anachomelea waya mwembamba kwenye kibao, na nikakaa kimya nimtazame. Watu husema ana haraka, nami nimelisema hilo zaidi ya wote. Lakini alipomaliza kuchomelea hakuwasha. Aliweka kichomeo kando, akakunja mikono, akakitazama kibao, na midomo yake ikawa inatikisika kidogo kama ya mtu anayeleta uradi. Alipokwisha ndipo alipobonyeza swichi.

Nikamuuliza alikuwa akisoma nini. Akaona haya kidogo, akasema hasomi, anahesabu.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Thelathini na saba. Baba, wewe hujui hili? Mama hakutuacha tuwashe kitu chochote kabla ya kuhesabu hadi thelathini na saba. Alisema ukichomelea, subiri chombo kishuke kiwe na joto la mtu, na joto la mtu ni thelathini na saba. Tulikuwa tunahesabu chini ya meza yake, mimi na Dada, kwa sauti, na aliyekosea anaanza upya."

Mke wangu, Mola amrehemu, alikuwa fundi wa redio, na mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya solda kama chembe za mchele. Saa za kazi yake zilikuwa saa zangu za darsa. Sikuwahi kuisikia hesabu hiyo. Nilikaa pale kwenye kigoda cha mwanangu na nikahisi nimeingizwa katika chumba cha nyumba yangu mwenyewe nisichokuwa nimekiona.

"Na namba ya kibao?"

"Nilipoulizwa na programu nikipe namba gani," akasema, "vidole viliandika vyenyewe."

Nilivuka barabara bila mwavuli. Kipimo alikuwa mezani. Sikumweleza lolote kuhusu wizi wala namba. Nilimuuliza tu iwapo naye huhesabu kabla ya kuwasha. Mkono wake ukasimama juu ya kibao. Moshi wa solda ukipanda kutoka kwenye kichomeo, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Bado anahesabu kwa sauti?"

"La. Midomo tu ndiyo inayotikisika."

Akarudisha kichomeo kwenye kishikio chake. "Mimi pia," akasema. Kisha akaniomba nimpishe, nami nikaenda chumbani kwangu. Sikusikia kazi yoyote ikifanyika mezani hadi magharibi.

Nilidhani jambo limekwisha. Nilisujudu nikishukuru.

Jumanne, tarehe 19 Machi

Halikwisha. Neno la wizi limeondoka, wala hakuna aliyelitaja tena, lakini hakuna aliyevuka barabara. Kila mmoja ameniambia kwa njia yake kwamba mwingine ndiye anayepaswa kuiachia namba. Kipimo kwa kuwa ni mkubwa. Mbio kwa kuwa ndiye aliyetukanwa. Sasa namba hiyo imekuwa urithi, na katika maisha yangu nimegawa mirathi ya nyumba na mashamba nisione watu wakivutana namna hii.

Nimeanza kubadili mawazo juu yao. Siku zote nilimhesabu Kipimo kuwa ndiye mtulivu na Mbio kuwa ndiye mkaidi. Leo nimemwona Kipimo akikifuta kwa kitambaa laini kibao cha mdogo wake, akitazama solda yake kwa kioo cha kukuza, na nikamsikia akijisemea, "Imenyooka." Nikamwambia anitume nikamweleze Mbio neno hilo. Akasema, "Nikutume nini Baba, nilikuwa naongea na kibao."

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Baridi imeingia. Nimeongeza fulana.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Sista amekuja tena, bila beseni. Safari hii aliketi.

Jana asubuhi umeme ulikatika wakati wauguzi wote wawili wa zamu wakiwa kwa mama mmoja aliyekuwa akitokwa damu. Waliporudi kwa watoto, mmoja alikuwa amepoa hadi hakulia tena. Sista alimtia kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, akamfunika, akakaa naye hivyo hadi adhuhuri. Yu hai. Alilisimulia kwa sauti ile ile kavu, lakini viganja vyake vilikuwa vikijifinya mapajani, nikafahamu kwamba ukavu wake ni kamba anayojifungia ili asimwagike mbele za watu. Nimejutia dhana yangu ya siku ile.

Kipimo alikuwa amesimama nyuma yangu. Mbio, ambaye alikuwa ameliona gari la hospitali, alisimama kwenye mlango wake ng'ambo, akisikiliza, mvua ikisikika zaidi kuliko sisi. Nilipaza sauti nikamrudia maneno ya Sista, yote, mbele ya mtaa mzima. Fundi cherehani alisimamisha cherehani yake.

Sista akasema, "Jumanne asubuhi nataka vibao vyangu wodini. Walioviunda wavilete wenyewe. Sitaki kuletewa na mzee." Kisha akanigeukia, akalainisha kidogo. "Na wewe Baba, nakuheshimu sana, lakini usiwahukumu. Ukimpa mmoja haki, huyo mwingine utamkosa."

Sijui alijuaje. Nilikuwa nimekwisha kupanga hukumu kichwani: Mbio, kwa kuwa ni mdogo, aiachie namba. Nilikuwa nimeipangia hata utangulizi wake na dua ya kufungia. Nimeiacha.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Mbio alikuja akiwa amefunika kichwa kwa mfuko, akasimama kibarazani bila kuingia, akaniomba kibao chake ili akakikague kabla ya Jumanne. Kipimo alinipa nikampe. Zilikuwa hatua chache kati yao, na mimi katikati nimeshika kibao kama nabeba yai. Hawakusalimiana. Lakini Kipimo alisema kwa ukuta, "Mvua hiyo, mtu ataugua," na Mbio akaujibu mlango, "Mtu hana neno."

Jumatatu, tarehe 25 Machi

Kutwa wote wawili wamejifungia. Nimesoma, nimelala, nimesoma.

Jumanne, tarehe 26 Machi

Mola ni mpole kuliko tunavyojua, na ana namna zake za kutuchekesha wakati tumekwisha kujiandaa kulia.

Tulikwenda wodini watatu, kila mmoja na mwavuli wake, Kipimo mbele, Mbio nyuma, mimi katikati kama herufi yenye sukuni, isiyo na irabu yake. Ni chumba kirefu chenye rangi ya maziwa, joto, na harufu ya sabuni na watoto. Katika kila kitanda kuna kitu kidogo kilichofungwa kofia, na kutoka kwenye kila kofia hutoka pumzi ambayo lazima uisubiri ili uamini kuwa ipo. Nilisoma dua kimoyomoyo na sikuikatisha hadi tulipotoka.

Nilidhani wataanza kubishana mlangoni. Hawakubishana. Kipimo alimkabidhi Sista ile kompyuta na kibao alichounda. Mbio akafanya vivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusema jambo na anasubiri chumba kipungue watu. Sista hakuwapa nafasi. Alivipachika vibao kimoja juu ya kingine, akavikaza skrubu kwa ukucha, akawasha.

Kompyuta iliita thelathini na saba. Tukasubiri. Skrini ikaandika kwamba hakuna aliyejibu.

Ikaita tena. Hakuna.

Sikuwahi kuona nyuso mbili zikishangaa kwa namna moja hivyo. Macho yao ni ya mama yao, na yalipanuka kwa pamoja. Kisha Kipimo, ambaye kwa miaka miwili hakumwelekezea neno hata moja, aligeuka akamtazama mdogo wake usoni na kumuuliza kwa hofu ya kweli, "Chako kimekufa?"

"Changu?" Mbio akasema. "Dada, si chako ndicho kilichotakiwa kijibu?"

"Mimi si nilikiondoa kwenye namba hiyo jana. Nimekihamisha. Nimekuachia wewe."

Mbio akakaa kwenye ukingo wa ndoo ya kufulia, akashika kichwa.

"Nami nimekuachia wewe," akasema. "Nimekipa nyingine. Nilitaka nikwambie hapa, mbele ya Sista, ili nisipate nafasi ya kughairi."

Kipimo alianza kucheka kwanza, kicheko cha chini cha mtu anayeogopa kuwaamsha waliolala, na kilipomzidi akajifunika uso kwa mtandio. Mbio alikuwa akicheka na machozi yakimtoka, sijui yapi yalitangulia. Mimi nilitazama dirishani, kwa kuwa mtu wa umri wangu huangalia mvua wakati kama huo.

"Haya," Sista akasema, "mmepeana zawadi. Sasa nani atawajibia wanangu?"

Kila mmoja alimuuliza mwenzake namba aliyochagua, na nilishika roho yangu, maana kwa hali ilivyokuwa singeshangaa kama wangeangukia tena moja. Hawakuangukia. Kipimo alikaa kwenye kompyuta, Mbio akasimama nyuma ya bega lake akimwelekeza kwa kidole, naye akampiga kidole kile bila kuangalia, kama alivyokuwa akimpiga walipokuwa wadogo. Wakarekebisha programu. Kabla ya kuwasha, wote wawili walinyamaza na midomo yao ikatikisika. Muuguzi kijana aliniuliza kwa mnong'ono kama wanaomba dua. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani.

Kompyuta iliita namba ya kwanza, na joto la vitanda likaandikwa, kila kitanda kwa zamu, limetulia. Ikaita ya pili, na kengele ikalia mara moja, kwa adabu. Sista alilitazama joto la yule mtoto aliyepoa Ijumaa kwa muda mrefu. Kisha akafungua kabati, akatoa biskuti, akatugawia sote, na mimi akaniongezea ya pili.

Ijumaa, tarehe 29 Machi

Jana alasiri ngurumo ilikata umeme mtaa mzima. Leo Sista ametuma salamu kwamba kengele ililia mara moja, hita ya betri ikawaka, na hakuna mtoto aliyepoa. Kipimo aliusoma ujumbe huo mara mbili, kisha akatoka mlangoni akapaza sauti kuvuka barabara, "Wewe, imelia." Mbio akajibu kutoka ndani, "Nimesikia, nami nimeandikiwa." Fundi cherehani aliniambia sasa nimeachishwa kazi bila hata barua.

Jumatano, tarehe 10 Aprili

Wameanza kuandika makubaliano ya vibao vyao vyote vitakavyoundwa kuanzia sasa: pini zipi ni za nini, matundu ya skrubu yakae wapi, na kila kibao kiwe na namba ya aina gani, ili yeyote atakayenunua kwa dada akanunue na kwa kaka bila kulia. Mafundi wengine wawili wa mtaa wa chini wameomba kuyafuata. Waliponisomea, niliona thelathini na saba imeachwa wazi, na kando yake wameandika isitumiwe na mtu yeyote. Nikawauliza sababu watakayowaeleza mafundi wengine. Mbio akasema hakuna fundi anayeuliza sababu ya kilichokatazwa, anauliza tu kilichoruhusiwa. Nikaona mwanangu angefaa kuwa mwanafunzi mzuri wa fiqhi.

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Mvua zinapungua. Mbio anakuja asubuhi na kurudi kwake jioni. Karakana zimebaki mbili, nami sijauliza. Ninayaona yaliyo mbele yangu na hayo yananitosha.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Jua kutwa nzima. Nimeanika kanzu zote kwenye kamba.

Tangu asubuhi wanagombana kuhusu urefu wa nguzo ndogo zinazotenganisha kibao cha chini na cha juu. Kipimo anataka ziwe ndefu ili hewa ipite. Mbio anasema zikiwa ndefu pini hazishiki barabara, na mtu yeyote mwenye macho anaona hivyo. Kipimo akamwambia macho anayo yeye, mdogo wake ana kope tu. Mbio akasema afadhali kope kuliko solda ya mtu anayechomelea kama anatia sahihi ya ndoa. Wamepandishiana sauti hadi fundi cherehani akaja kusimama mlangoni na futi yake shingoni, akajitolea kuwapimia, wakamfukuza wote wawili kwa pamoja.

Nilikuwa kitini pangu, tasbihi mkononi, nikisubiri kwa mazoea mmoja wao aseme, Baba, mwambie. Adhuhuri ikaingia, ikapita. Alasiri ikaingia. Ugomvi ukaendelea, mkali, wa karibu, ana kwa ana, juu ya meza moja. Hakuna aliyeniita. Nimesinzia nikiwasikia.